Kanga Juu ya Beseni la Funza

Mimi ni mtu wa wasiwasi, na wala sijifichi. Watu husema wasiwasi ndiyo akili. Basi mwaka ule nilikuwa na akili za kugawia Lushoto nzima, na zote zilikuwa kwenye beseni moja la bluu lililojaa funza.

Nilikuwa nafuga funza wa kulisha kuku. Si wale wa chooni, jamani, msiniangalie hivyo. Hawa ni watoto wa nzi mweusi mwembamba anayefanana na nyigu, wala hana habari na chakula cha watu. Unawapa maganda ya viazi na kabichi zilizooza, wananenepa, na kuku akiwala anataga mpaka unamwonea huruma. Tabu ni kwamba milima yetu haiwapendi. Mara ya kwanza sisimizi waliwamaliza. Mara ya pili uliingia utitiri, vidudu vidogo kama unga, ukawafunika wote. Mwanamke wa Mombo aliyekuwa akinipa mbegu akaniambia, "Dada, hii ya tatu ndiyo ya mwisho. Na mimi naacha kufuga." Kwa hiyo beseni lile ndilo lilikuwa mbegu yangu yote. Funza wenyewe walishakuwa weusi, wameacha kula, wanangoja joto ili watoke nzi. Na joto la Lushoto mwezi wa saba ni haba, la kuombwa kwa magoti.

Mama mkwe wangu, ambaye tunaishi naye, hakuwataka. Hakugomba, aliacha tu kula mayai. Lililomkera ni neno lenyewe. Alipokuwa mtoto, funza wale wa kuingia miguuni walimla vidole mpaka kucha nne hazikuota tena. Shuleni wenzake walimcheka, akaacha masomo darasa la pili. Mpaka leo haendi kanisani bila soksi. Sasa siku moja tuna wageni sebuleni, mimi nikapiga kelele kutoka uani, "Mwee! Funza wangu wanatoka!" Wageni wakatazamana, mmoja akainua miguu juu. Walipoondoka mama akaniambia taratibu, "Mwanangu, nakuomba. Usiseme nyumba hii ina funza." Nikacheka. Nilicheka, Mungu anisamehe.

Asubuhi moja nikaona siafu. Walikuwa wanakata njia migombani, mstari mweusi mnene, na nyumba yetu iko hatua chache tu kutoka hapo. Roho ikawa juu juu. Nikakimbilia kibanda cha nyuma ya jiko lilipokuwa beseni, juu ya meza. Miguu ya meza niliisimamisha kwenye makopo ya maji yenye oili chafu, nikamwaga majivu kuzunguka pote, nikaisogeza meza mbali na ukuta. Muda wote nilikuwa nabwabwaja, na mama amekaa mlangoni ananisikia. "Siafu wasipowala, baridi itawaua. Ukungu huu! Wakipoa leo, wamekwisha, na mimi nimekwisha nao."



Nilikuwa nimemwahidi mteja wa Soni mayai, ikabidi niende. Sikumbuki hata kama nilimsalimia vizuri. Kila kona ya barabara nilikuwa naona siafu. Je, kama makopo yamekauka? Je, kama mende kadondoka kwenye oili akawa daraja? Mteja akanikaribisha chai nikakataa, akaniuliza kama nina mgonjwa nyumbani. Nikasema ndiyo. Saa tisa nilikuwa nimesharudi, napanda kilima cha kwetu nusu nakimbia.

Sikumtafuta mama, hata shikamoo sikumpa. Nilipitiliza kibandani.

Makopo yalikuwa yamejaa vizuri. Majivu hayakuguswa upande wa mlango. Lakini beseni lilikuwa limefunikwa kanga, kanga ya mama, ile anayoitunza sandukuni kwa ajili ya Pasaka. Pindo lake moja lilikuwa limeangukia ukutani, na juu ya pindo hilo siafu walikuwa wanapita kama watu wa siku ya gulio, wengine wanaingia, wengine wanatoka wamebeba.

Damu ikanipanda. Nikatoka uani nikapayuka, na mimi nikipayuka hata mtaa wa pili wanasikia. "Umefurahi sasa? Ulikuwa huwataki, si ungesema tu! Ndiyo uwape siafu daraja?"

Mama alitoka chumbani akijishika ukutani. Macho yake yana mtoto wa jicho. Uani anatambua mtu kwa sauti. Alikuwa amejilaza, hana viatu wala soksi.

"Siafu wameingia?" akauliza. "Mimi niliwafunika tu. Ulisema wakipoa watakufa."

 Bado nilikuwa nimesimama, mikono kiunoni, wakati yeye ananipita na kuingia kibandani na miguu ile ile mitupu, juu ya siafu, akapapasa mpaka akalishika beseni, akalikumbatia kifuani na kutoka nalo. Siafu walikuwa wamempanda hadi magotini. Hakulia. Aliliweka juu ya jiwe la kufulia kama mtu anayelaza mtoto, ndipo akasema, "Sasa nisaidie, mwanangu, wananing'ata."

Nilimkalisha kwenye kigoda nikapiga magoti mbele yake. Siafu ukimvuta, mwili unakatika na kichwa kinabaki kwenye nyama, kwa hiyo nilichukua pini nikawa natoa kimoja kimoja. Miaka kumi na moja nimekuwa mke wa mwanawe na sikuwa nimewahi kuishika miguu ile. Pale pasipo na kucha, ngozi ni laini, imejikunja.

"Mama yangu alikuwa ananitoa wale wa vidoleni hivi hivi," akasema. "Kwa mwiba wa mchungwa. Analia yeye, mimi nimenyamaza."

Nilitaka kumwomba radhi. Kilichonitoka ni kile ambacho ningepaswa kukisema tangu getini.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba," akajibu. Mguu wake bado ulikuwa mapajani kwangu. "Hebu kaangalie. Funza wetu wamebaki wangapi?"

Nikainuka nikaangalia. Walikuwa wamebaki kiasi cha kujaza kikombe.