Kijiko Ndani ya Glasi ya Rodion

Marehemu mume wangu, Rodion Yegorovich, hakuwa mlevi. Naanza na hilo kwa sababu nyumba nzima tuliyopanga pamoja na familia nyingine mjini Leningrad ilisema vingine, na kuta zetu zilikuwa nyembamba.

Alikuwa fundi wa rada kiwandani, mitambo inayotafuta ndege angani kwa mawimbi. Majira ya baridi karakana iliganda, na mafundi walikuwa na desturi yao: mtambo ukiwashwa kwa majaribio, walisimama mbele ya antena na kuota joto, kama watu waotavyo moto. Joto lile, aliniambia, lilianzia ndani ya mwili, ngozi ikiwa bado baridi. Walilipenda.

Kisha usingizi ukampotea. Akawa anasahau majina ya watu. Mikono ikaanza kutetemeka, kijiko kikagonga glasi ya chai mfululizo.

Jikoni, ambako familia zote tulipikia pamoja, jirani yetu Klavdia akasema, "Sima, bwana wako leo kaanza mapema."

"Mume wangu hanywi."

"Basi mikono ile inamcheza nini? Anajifunza kinanda?"

Wanawake wakacheka. Mimi, mwalimu wa hisabati, niligeuza viazi vyangu kikaangoni. Kazi ya Rodion ilikuwa siri ya serikali. Hata neno antena halikuruhusiwa kutoka mlangoni mwetu.

Nilimpeleka kwa daktari wa kiwanda, Faina Lvovna.

"Mnaota joto mbele ya mtambo?" aliuliza.

Rodion akakubali kwa kichwa.

"Seli za neva hupelekeana habari kwa umeme mdogo mno," daktari alisema. "Mawimbi yale huenda yanaziingilia. Huenda. Wapo wenzangu wanaokataa."

"Atapona?" nikauliza.

"Akae mbali nayo, tuone. Nitaomba ahamishiwe stoo."

"Stoo wanapelekwa walevi," Rodion akasema. "Afadhali nitetemeke."

"Rodya, utakwenda. Jina lako nitalilinda mimi."

Akaenda. Klavdia akapata la kusema majira yote ya baridi. Mimi nilimkorogea Rodion chai na kutoa kijiko kabla sijampa, ukuta usisikie.

Theluji ilipoyeyuka, aliniambia, "Leo kiache."

Nikakiacha. Aliinua glasi kwa mikono miwili, macho yake kwangu. Kijiko kiligonga mara moja, kikatulia. Nikaanza kutabasamu. Kikagonga tena, na tena, na nyuma ya ukuta nikasikia kiti cha Klavdia kikisogezwa karibu.