Digrii Sitini na Tatu

Maziwa yanapoanza kupata moto, kabla hayajachemka, hutoa harufu ambayo sijui kama wengine huisikia. Si harufu ya maziwa mabichi, yenye majani na ngozi ya ng'ombe ndani yake, wala si ile ya maziwa yaliyoungua ambayo majirani wote huijua. Iko katikati, tamu kidogo, kama shingo ya mtoto aliyetoka kuogeshwa. Juzi nilikuwa napita mtaa wa Mulongwe, mwanamke mmoja amekaa uani na sufuria yake juu ya makala, yaani makaa ya miti, harufu hiyo ikanikuta barabarani. Nikasimama. Yule mama alidhani nimepotea, akanikaribisha, nami nikaingia. Ningemwelezaje pale mlangoni kwamba kwa muda ule mfupi nilikuwa na miaka tisa na macho yangu yalikuwa yanatafuta namba?

Mama yangu alikuwa mpishi wa maziwa. Najua si cheo kinachojulikana sana, lakini ndiyo kazi aliyoifanya, katika materniti, hospitali ya kujifungulia, ya watawa hapa Uvira. Nyuma ya materniti palikuwa na nyumba ndogo ya watoto wachanga waliofiwa na mama zao wakati wa kujifungua. Watoto hao walinyweshwa maziwa ya ng'ombe, na maziwa hayo yalitoka Luberizi, katika bidoni, yaani madumu, mbili zilizofungwa kwenye baiskeli ya mzee mmoja Mrundi aliyeitwa Bukuru. Bukuru aliondoka kwao usiku wa manane, akafika kwetu kukipambazuka, shati limemganda mgongoni, na salamu yake ilikuwa ileile kila siku: "Mama Faida, ng'ombe wanakusalimia." Faida ni mimi.

Mtawa aliyesimamia jiko tulimwita Masera, kama tulivyowaita watawa wote. Alizaliwa katika nchi ya ng'ombe huko Ulaya, na maziwa hakuyafanyia mchezo. Alikuja na kipimajoto chake mwenyewe, kirefu kama kalamu mbili, ndani ya fremu ya mbao, na katikati ya kioo uzi mwekundu uliopanda na kushuka. Mama alikiita teremometi. Maziwa yaliwekwa katika sufuria ndogo, sufuria ndogo ikakaa ndani ya kubwa yenye maji, teremometi ikaingizwa, na Masera akangoja mpaka digrii sitini na tatu. Hapo saa ilianza kuhesabiwa, nusu saa kamili, moto usizidi wala usipungue. Yakichemka sana, alisema, yanaungua chini na watoto wanayakataa. Yasipofika, ugonjwa wa ng'ombe unabaki mzima mle ndani, unaogelea.

Mama hakwenda shule. Namba zile ndogo kwenye kioo zilimtia wasiwasi, akasema zinafanana na sisimizi. Basi nilipoanza kusoma, Masera akaniita jikoni, akaniinamisha mpaka jicho langu likawa sawa na uzi mwekundu, akaniambia kwa Kiswahili chake kilichokwaruza: "Usiseme namba unayoitaka. Sema namba unayoiona." Tangu siku hiyo, asubuhi kabla ya shule na siku zote za likizo, msomaji wa maziwa nilikuwa mimi.

Nisiwadanganye, cheo kilinipanda kichwani. Nilipima kila kitu. Nilipima ziwa pale ufukweni, nikapima mchuzi wa ndagala, wale samaki wadogo, nikapima kwapa la mbuzi wa jirani mpaka akanipiga teke. Siku moja nilichomeka teremometi katika ugali wa Mama nikawatangazia watu wa nyumbani kwamba tunakula digrii sabini na mbili. Baba alicheka mpaka akakohoa. Mama hakucheka. Alikichukua kile chombo, akakiosha kwa maji ya moto mara mbili, akakirudisha kwenye msumari wake.

Uhuru ulipokuja nilikuwa mdogo, nakumbuka ngoma na vitambaa tu. Uasi dhidi ya serikali, miaka minne baadaye, ulinikuta na miaka tisa, na huo naukumbuka vizuri. Baba alikuwa amekwenda Bukavu kwa kazi yake ya uashi, barabara ikafungwa nyuma yake. Watu wengi walivuka mpaka kwenda Burundi na magodoro vichwani. Watawa nao wakaja kuchukuliwa kwa mtumbwi wa mashine. Masera alitaka kuondoka na watoto wote saba, wakamwambia nafasi hakuna. Akatoka hadi jikoni, macho mekundu, akamwachia Mama ufunguo. Teremometi aliiacha palepale ilipokuwa imetundikwa. Mama angeweza kuufunga mlango na kunishika mkono tukaondoka. Aliufungua, akawasha makala, akaniuliza kama Bukuru amekwisha kuonekana barabarani.

Wapiganaji waasi waliingia mjini bila kelele nyingi upande wetu. Walikuwa vijana wenye majani kichwani na mikuki, wachache na bunduki. Walikuwa na miiko yao kwa ajili ya dawa ya kuzuia risasi waliyopewa: mwanamke asiwaguse, asipokee kitu mkononi mwao; watoto kama mimi hatukuhesabiwa. Bukuru alisimamishwa kila siku kwenye bariyeri, kizuizi chao cha barabarani, wakanywa bidoni moja, wakamwacha apite na nyingine. Mama aliyagawa yaliyobaki, akaongeza maji yaliyochemshwa na sukari iliyobaki, watoto saba wakapata.

Halafu siku moja, asubuhi, maziwa yakiwa yamekaa motoni kwa muda mfupi tu, gari lilisimama mbele ya materniti. Akaingia mwanaume mmoja peke yake mpaka jikoni, bunduki begani, kofia yenye manyoya ya nyani kichwani, na mikononi kitambaa kilichokuwa kinalia. Kilio chenyewe kilikuwa chembamba, kama cha paka. Alikiweka kitambaa juu ya meza, akarudi nyuma hatua mbili ili Mama apite bila kumgusa.

"Huyu mutoto iko na siku mbili," akasema. "Ni wangu. Mama yake alikufa njiani. Mumupatie maziwa."

Mama alimchukua mtoto, akamfungua, akamtazama. Alikuwa msichana, midomo imekauka. "Pole, Komanda," akasema. "Tutamupatia. Maziwa haiyafika."

"Naona moshi. Iko moto ile."

"Moto ya kushika na mukono. Ugonjwa ya mule haiyakufa."

Komanda alishusha bunduki kutoka begani, akailaza mezani, mdomo wake ukielekea sufuria zetu. Jiko lilikuwa dogo, na bunduki ilikuwa na harufu ya mafuta ambayo nilikuwa sijawahi kuisikia.

"Faida," akaniita Mama, sauti yake ileile ya kila siku. "Soma."

Niliinama. Uzi mwekundu ukawa kama nyuzi mbili, kisha ukarudi mmoja. "Hamsini na ine," nikasema.

Mtoto akalia tena, safari hii kidogo zaidi. Komanda akachuchumaa karibu yangu, uso wake sawa na wangu. Nilitarajia atanifokea. Aliniomba, na hilo ndilo lililonitisha kuliko kufokewa. "Weye mutoto," akasema taratibu, "sema imefika. Sema tu, tumalize."

Nilimtazama Mama. Alikuwa anamlisha mtoto maji ya sukari kwa ncha ya kijiko, hakuinua kichwa. Neno lenyewe lilikuwa tayari mdomoni mwangu, jepesi kabisa. Nani angejua? Mama hakusoma, Masera alikuwa ng'ambo. Nikarudisha jicho kwenye kioo, na kioo hakikusema imefika.

"Hamsini na sita," nikasema, nikaanza kulia.

Komanda alinisogeza kwa mgongo wa mkono, bila nguvu, akainama mahali pangu. Halafu nikamsikia akisoma mwenyewe, polepole, kama mtu anayesomea darasa: "Hamsini na sita. Hamsini na saba." Baadaye tuliambiwa kwamba kabla ya vita alikuwa mwalimu wa shule ya msingi.

"Inatakiwa ngapi?" akauliza.

"Sitini na tatu," nikajibu. "Kisha nusu saa."

"Nusu saa!" Akamgeukia Mama. "Atakufa."

"Hatakufa kwa nusu saa," Mama akasema. "Ona, anameza maji. Nikimupa maziwa mubaya, hiyo ndiyo itamuua, na itamuua pole pole, na minye nitakuwa naangalia. Niko na wengine saba mule ndani, Komanda. Wote wamengojea nusu saa yao."

Komanda akavua saa yake ya mkono, akaiweka mezani kando ya bunduki. Uzi ulipofika sitini na tatu alipiga meza kwa kidole, akasema: "Tunaanza."

Sijawahi kuishi nusu saa ndefu kama ile, lakini nikiri kwamba katikati yake niliacha kuogopa. Makala yalikuwa mabichi, moto ulilegea. Nikatangaza: "Sitini na mbili!" Komanda akavua ile kofia yake ya manyoya ya nyani, akaanza kupepea jiko kwa nguvu, majivu yakamjaa kwenye nyusi. Ukazidi. Nikatangaza: "Sitini na sita!" Akachukua makala mawili kwa koleo, akayatupa nje mlangoni, ambako vijana wake waliokuwa wakingoja garini waliruka. Mama aligeuza uso ukutani. Mabega yake yalitikisika, na mpaka leo sijui kama alikuwa anacheka au analia.

Nusu saa ilipokwisha tuliweka sufuria katika beseni la maji ya mto, nikasoma kushuka: hamsini, arobaini na tano, arobaini. Kwenye thelathini na saba Mama alijaza chupa. Mtoto alinyonya mara tatu, akapumzika, akanyonya tena, vidole vyake vikafunguka kimoja kimoja. Komanda alitoka nje akasimama ametugeuzia mgongo. Aliporudi aliomba karatasi. Nikampa ukurasa wa daftari langu la hesabu, akaandika kwamba mzee Bukuru na bidoni zake zote mbili wapite kila bariyeri bila kuguswa, akatia sahihi. Mtoto akatuachia.

Alirudi mara mbili. Mara ya pili aliinamia teremometi kabla hajatusalimia. Kisha askari wa serikali wakarudi mjini, kukawa na siku za risasi ambapo tulilala sakafuni pamoja na watoto wote, na baada ya hapo hatukumwona tena. Wakati wa mvua, mmoja wa wale saba, mvulana, alitutoka kwa homa ya malaria, na Mama akamlilia kama amemzaa yeye. Wengine walipona. Yule msichana alipofikisha mwaka alikuja bibi yake kutoka Katogota kumchukua. Anaishi. Ana wajukuu sasa, na ana sauti kubwa kuliko mwanamke yeyote ninayemjua katika bonde zima la Ruzizi.

Mimi nilisomea uuguzi, na kwa miaka mingi niliwafundisha wasichana wa zamu kusoma vipimo, nikijisifu kimoyomoyo kwamba nilianza kazi hiyo mbele ya bunduki. Mpaka siku Mama alipokuja kukaa kwangu, amekwisha kuzeeka. Nilikuwa napasha maziwa ya mwanangu wa mwisho. Mama akapita, akagusa ubavu wa sufuria kwa mgongo wa vidole, akasema bila kusimama: "Bado. Hiyo iko sitini." Nilichukua kipimajoto changu. Kilisema sitini na moja.

Nikaweka kijiko chini. "Mama, ulikuwa unajua?"

"Mukono ilijua tangu mwaka wa kwanza," akasema. "Masera naye alijua kama najua."

"Sasa kwa nini siku ile ulinisomesha mimi?"

Alitafuta kiti kwanza, akakaa. "Ningemwambia nini, Faida? Mukono yangu inasema bado? Angekasirika, mwanaume na bunduki yake anangojea mukono ya mwanamuke. Lakini ile namba haikuwa yangu. Aliisoma yeye mwenyewe, akaingojea yeye mwenyewe."

Siku mbili nzima nilikuwa na hasira naye, ninyi mnaweza kuelewa. Nilimwona tena mtoto wa miaka tisa, jicho kwenye kioo, na mama mzima amemweka kati yake na bunduki. Hasira ilinitoka polepole, nilipofikiri kwamba hakuwa na mtu mwingine wa kumweka, na kwamba kazi niliyodhani ni ya macho ilikuwa kazi ya kusema bado kwa mtu anayekuomba useme imefika. Nimeifanya kazi hiyo mara nyingi tangu hapo, mbele ya madaktari, mbele ya wakubwa, na kila mara nilidhani ni ujasiri wangu mwenyewe.

Siku ya tatu nilimuuliza swali lililobaki. "Na kama ningesema imefika?"

Mama alikuwa anachambua mchele. Hakuinua kichwa.

"Ningekwambia usome tena," akasema.