Wazee wa Baraza Wameafiki

Mwanangu, nakumbuka vizuri asubuhi niliyoandika uongo kwa mwandiko wangu mzuri, na leo nitakusimulia kwa sababu umenikasirisha. Jana ulikuja hapa na barua yako, unacheka, unasema umeteuliwa kuwa mzee wa baraza, na kwamba kazi yenyewe ni kukaa na kutikisa kichwa. Nani kakwambia?

Enzi za Mwingereza nilikuwa karani wa baraza la mwanangwa mmoja, kando ya njia ya zamani ya misafara. Mwanangwa ndiye aliyemsaidia mtemi kutawala kijiji na kukata kesi. Pembeni yake walikaa wazee wanne. Hao ndio wazee wa baraza: watu wa kusikiliza pande zote mbili, kuulizana, kisha kuamua. Nililiandika neno hilo kila siku. Nilikuwa kijana wa mjini, wa mtaa wa Mtendeni, kaptula imepigwa pasi, najiona kweli kweli.

Nikawa na mtindo wangu. Kwa kuwa wazee wale hawakuwahi kumpinga mwanangwa, kabla kesi haijaanza nilikuwa naandika kabisa mstari wa mwisho: Wazee wa baraza wameafiki. Nilijisifu kwamba naokoa muda. Muda wa kupeleka wapi, hata sijui.

Siku hiyo aliitwa mjane mmoja, Nyamizi. Shemeji yake alitaka kumnyang'anya jaruba la mpunga alilolima na marehemu mumewe tangu walipooana. Shemeji huyo alikuwa mtu wa karibu wa mwanangwa, nami nilikwisha kuambiwa niandike kwamba shamba ni lake. Niliandika. Nyamizi aliposogea mezani kuapa, akainamia kitabu. Hatukujua kwamba alisoma misheni.

“Karani,” akasema, “mimi sijafungua mdomo. Wazee wameafiki nini?”

Mzee Maganga, mkubwa wa wale wanne, akaniamuru nisome. Nikausoma ule mstari.

“Nimetembea tangu alfajiri nije kumsikiliza mtu,” akasema. “Nani kakutuma uniamulie? Futa!”

Mwanangwa akasema kitabu kisubiri, mama asikilizwe kwanza. Nyamizi akaeleza jinsi alivyoinua kingo za jaruba lile kwa mikono yake, akiwa mjamzito. Alipomaliza, mwanangwa akatamka kwamba shamba ni la shemeji. Wazee watatu wakatazama chini, wakasema ndivyo. Mzee Maganga peke yake akasema, “Mimi nimekataa. Andika kwamba nimekataa.”

Nikashika kalamu. Mwanangwa akanitazama. Mwanangu, nikaiweka chini, ule mstari nikauacha kama ulivyokuwa. Niliogopa kufukuzwa kazi, basi. Usinitafutie sababu nyingine.

Nyamizi akakata rufaa kwa bwana shauri, yule Mzungu mkuu wa wilaya. Bwana shauri hakumwona Mzee Maganga, aliona kitabu. Kitabu kilisema wazee wameafiki, na rufaa ikaishia hapo. Mama wa watu akaondoka na watoto wake watatu kurudi kwa kaka zake huko Ziba, mpunga wake umeanza kuchanua. Shemeji akauvuna.

Habari ilipofika, Mzee Maganga akakutana nami njiani. Nikamwamkia, “Shikamoo, mzee.” Hakuitikia. Akasema, “Umenitia katika dhuluma niliyoikataa kwa mdomo wangu. Watoto wa yule mama watanilaani bure.” Akapita zake. Hakukanyaga tena barazani, na mpaka anazikwa sikuwahi kuisikia marahaba yake.

Sasa wewe unanijia na kicheko! Kama unataka kiti, sema unataka kiti, fundi seremala atakuchongea. Mzee wa baraza ni mtu ambaye mwenye shida amekuja kumtazama usoni akitumaini kusikilizwa. Msikilize kabla hujajua uko upande gani. Uliza, hata wenzako wakipiga miayo. Ukikataa, kataa kwa sauti, na usiinuke mpaka usomewe kwenye kitabu kwamba umekataa, karani anune asinune. Kama huyawezi hayo, irudishe barua yao leo hii.

Kama unayaweza, nenda. Mungu akupe masikio yenye subira na mdomo usiotetemeka. Na siku mjane atakaposimama mbele yako, Mungu akujalie usiwe kama mimi.