Oili Isiyo na W

Saa saba na robo mchana, dukani kwa Hawa, muuza spea wa mtaa wa Waberi, nilikataa oili ya 20W-50. Nilikuwa nimesoma kwamba W ni "winter", majira ya baridi. Baridi gani, Garissa?

"Adeer," Hawa aliniita ami kwa Kisomali, "W ni ya kuwasha injini ikiwa imepoa. Hamsini ndiyo ya joto."

Sikumwamini. Nyuma yake niliona mkebe wa oili usio na W: 90 tupu.

"Huo acha, si wako, ni wa..."

Nikajua anawawekea jamaa zake. Sikumngoja amalize, nililipa, nikatoka, nikaimimina oili yote kwenye injini ya gari langu.

Hawa alinifuata mbio, kisha akashika kiuno. "Wallahi, adeer! Injini umeinywesha oili ya gia!"

Kuimwaga na kununua ileile 20W-50 kulinigharimu shilingi elfu nne na mia mbili.