Kichuguu cha Mama Mdogo

Siku hizi nikisikia neno akropolisi natamani kutema mate. Ni neno la Wagiriki wa kale: mji wa juu, ngome iliyojengwa kileleni, yenye kuta za mawe na mahekalu ya miungu yao. Adui akija, watu wa chini walikimbilia humo na chakula chao. Nimelifundisha miaka mingi katika sekondari moja hapa Ifakara, kwa watoto ambao milima wanaiona kwa mbali tu.

Mkuu wa shule yetu alikuwa na ugonjwa wa kupenda wageni. Siku ya maonesho ilipokaribia, aliamuru kila somo litoe kitu cha kuonekana. Mimi, kwa kupenda sifa, nikasema historia itajenga akropolisi uwanjani, yenye kimo cha mtu.

Udongo wa hapa mjini ukikauka unapasuka. Wa kichuguu haupasuki, muulize fundi yeyote wa kujenga mtaani Viwanja Sitini. Na kichuguu nilikijua: kilikuwa kijijini Michenga, nyuma ya nyumba ya mdogo wake marehemu mama yangu, kikubwa kupita jiko lake.

"Shikamoo, mama," nilimsalimu, kisha nikamweleza shida yangu.

"Marahaba, mwanangu. Chukueni, ila mnibakizie pale juu. Maji yakija, mpunga wangu naupandisha hapo."

"Kidogo tu, mama."

Tulikwenda mara nne, mimi na wanafunzi, na pawatila, lile trekta dogo la mkono, lenye tela. Kila tulipomaliza ukuta, nilitaka ngazi. Tulipomaliza ngazi, nilitaka hekalu lenye nguzo. Na hili niliseme, ingawa linanichefua: siku ya kwanza nilisimama juu ya kichuguu kile kile nikawafundisha wanafunzi. Niliwaambia kwamba mji usio na mahali pa juu hauna pa kukimbilia. Wakaandika. Kisha tukashika majembe. Mama mdogo akatuletea maji ya kunywa.

Mara ya nne tulikiacha usawa wa magoti. Mama mdogo alikusanya vikombe vyake vya maji. Mtu hamkemei mwalimu mbele ya wanafunzi wake.

Wageni walifika wamechelewa. Mmoja aliegemeza chupa ya soda kwenye hekalu, na mkuu akacheka kana kwamba amepewa zawadi. Walipiga picha, wakala pilau, wakaondoka bila kuuliza swali hata moja. Nami, mjinga mkubwa, nilitembea wiki nzima kifua mbele.

Masika ile mto ulitoka kwenye kingo zake, ukaingia Michenga. Jirani alimwokoa mama mdogo kwa mtumbwi, yeye na kuku wake wawili. Mpunga wake wa kula hadi mavuno ulibaki ndani kwenye magunia, kwa kuwa hapakuwa na pa kuupandisha.

Maji yalipopungua nilimfuata. Harufu ilinipokea kabla sijafika mlangoni, harufu ya kitu kilichochacha na kuoza pamoja. Magunia mengine yalikuwa yameota, vichipukizi vyeupe vikitokeza kwenye matundu. Mpunga kidogo uliosalimika alikuwa ameuanika kwenye turubai, akiugeuza kwa mikono. Nilianza kumwomba radhi kwa ajili ya kichuguu.

"Umetoka mbali," alinikatiza. "Kaa kwanza ule."

Alinipakulia wali. Ulikuwa wa kahawia, unanata, na ulinuka kama nguo iliyosahaulika kwenye ndoo. Tonge la kwanza nililirudisha sahanini.

"Mama, wali huu hauliki."

Alinitazama kwa mshangao wa kweli, bila hasira hata chembe. "Mbona mimi naula tangu Jumapili?"

Nikala. Nilichukia kila tonge, nikamchukia zaidi mwenye mkono uliolibeba, mimi mwenyewe. Sahani ilipobaki tupu mama mdogo alifurahi, akaniongezea.