Mkanda Ndani ya Injini ya Landrova

Lori la maharage limeshaiacha Omurushaka, linakata mlima kuelekea Nkwenda, na Celestin Mbonimpa amesimama juu ya magunia kama mtu anayekwenda kupigana. Mkononi ana kopo. Ndani ya kopo mna kipande cha ngozi kilichoungua.

"Kaa chini wewe, utaanguka!" utingo anamfokea.

"Nikianguka, naanguka na ushahidi wangu." Hakai.

Ni mwaka 1987. Hasira hii ilianza siku Landrova kuukuu ya Mzee Abdulghani, mwenye duka pale Omurushaka, ilipoanza kugongagonga injini mlimani ikazima. Ilikuwa imetoka kutengenezwa na Fundi Rweyemamu wa Nkwenda, mtu aliyemfundisha Celestin kazi; Celestin alibadilisha oili tu. Rweyemamu alipoulizwa, hakumung'unya maneno: "Muulizeni huyo mkimbizi wenu. Kabadilisha oili, kaacha mchanga ndani."

Celestin kazaliwa hapa hapa, Nyakatuntu. Waliotoka Rwanda ni wazazi wake. Lakini kitu kikiharibika, ukimbizi humrudia yeye.

"Mwanangu, mimi injini siijui," Abdulghani alimwambia. "Kama hukuiua wewe, nionyeshe aliyeiua. La sivyo, hapa mjini usiguse tena gari la mtu."

Celestin hakuwahi kufungua injini nzima. Yeye alikuwa mtu wa oili, plagi na kukaza nati. Aliifungua hivyo hivyo, uani kwa Abdulghani, akapanga kila kipande juu ya majani ya mgomba, kwa jinsi kilivyotoka.

Alipitisha ukucha ndani ya silinda: laini. Pistoni hazina mikwaruzo, ringi nzima. Akafika kwenye kranki, chuma kile kinachozungushwa na pistoni. Pale panapokaa beringi, sehemu tatu zinang'aa. Ya nne nyeusi, imeliwa. Alipopafungua, beringi hamna. Mna ngozi.

"Mchanga hauchagui," alisema Celestin. "Ungekula zote nne."

Ngozi ilikuwa na mshono wa uzi mwekundu. Kilikuwa kipande cha mkanda. Mkanda ule aliujua. Miaka yote ya kujifunza kazi ulimla mgongo, kila spana ilipopotea.

Nkwenda anamkuta Rweyemamu katikati ya wateja, suruali kaifunga kwa kamba ya katani.

"Siku hizi shikamoo hakuna?"

"Shikamoo, mwalimu. Nimekuletea mkanda wako."

Anauinua watu wauone. Jovitha, muuza ndizi, anapiga makofi. "Loo! Ndiyo maana fundi kajifunga kamba kama mbuzi wa mnadani!"

Rweyemamu hacheki. "Beringi ningezitoa wapi? Maduka huyaoni?"

"Beringi ziliadimika, nakubali. Na ukweli nao uliadimika madukani?"

"Ngozi ingemfikisha Mzee Abdulghani mpaka beringi zipatikane."

"Ungemwambia aende polepole. Ulimwambia gari limepona, halafu mimi ukanivika mchanga. Panda lori, ukaseme kwa kinywa chako."

Hakupanda. Alipanda Jovitha, na ndizi zake, na mdomo wake. Kesho yake Omurushaka nzima ilijua.

Abdulghani hakuomba radhi. Alipeleka kranki Mwanza ikachongwa, beringi zikaja kwa njia ya Uganda, akamwambia Celestin, "Ifunge." Celestin akaifunga. Ikagoma, ikagoma, ikawaka.

"Watu wananiambia yaishe," anasema leo, miaka minne baadaye, huku akifuta mikono kwa gunia. "Hayajaisha. Nikisema yameisha, nami nitakuwa nimepachika ngozi."

Landrova bado inabeba maharage. Jovitha bado anauza ndizi. Rweyemamu anatengeneza baiskeli. Wakikutana njiani, Celestin humwamkia, naye huitikia. Celestin ana banda lake Nyakatuntu, na kiangazi kijacho anataka kuchimba shimo la kuingilia chini ya magari. Ana wanafunzi wawili. Hawapigwi. Spana zinapotea kama kawaida.