Ukoka wa Mdachi

Mume wangu alikuwa mtunza bustani wa Mdachi mmoja, ofisa wa boma la Arusha, na mimi nilikuwa nikifua nguo za nyumba hiyohiyo. Mbele ya baraza kulikuwa na uwanja wa ukoka ambao hakuna ng'ombe aliyeruhusiwa kuutia mdomo. Sisi watu wa huku, ambao majani tunayaheshimu kwa kuwa ndiyo uhai wa mifugo, tulipita pale tukitikisa vichwa. Mume wangu, mtu wa Pangani, alituona washamba.

"Ni pambo tu," aliniambia. "Kwani ninyi hamvai shanga?"

Mwaka mmoja masika yakapita bila mvua ya maana. Mfereji uliotoka mlimani ulipita kwanza kwa Mdachi, kisha ukateremka kuelekea Themi, kwenye migomba na maharage ya mama yangu na majirani zake. Tangu zamani maji yale yaligawanywa kwa zamu, na aliyeiba zamu ya mwenzake wazee walimtoza mbuzi. Mdachi hakutaka kujua habari za zamu. Aliamuru mfereji uzibwe pale kwake kutwa nzima, na akaapa kwamba siku atakayoona jani la njano, mtunza bustani atakula hamsa ishirini, viboko ishirini na vitano. Mume wangu alikwisha kuvionja viboko hivyo kwa sababu ya waridi lililonyauka, na mimi ndiye niliyemkanda mgongo.

Basi huku juu maji yakatuama kwenye ukoka mpaka vyura wakahamia, na kule chini mama alikuwa akichota tope. Nilijua yote hayo. Nilikula wali wa mume wangu huku roho ikinisuta, na bado nilikula nikashiba.

Siku moja mama akaja. Kwa desturi yetu mama mkwe hamkaribii mume wa bintiye, kwa hiyo alisimama pembeni mwa uwanja, akaniita nikiwa naanika mashuka.

"Mwanangu, migomba imeanza kulala. Tufungulieni maji, hata nusu ya siku."

"Yeyo, mama yangu, siwezi. Watamchapa mume wangu."

Akainama, akang'oa konzi ya ukoka, akauinua mbele ya uso wangu. Kwetu mtu akikushikia majani mabichi namna hiyo, hata awe adui yako, humkatalii. Tena mtoto ndiye humshikia mzazi. Mzazi kumshikia mtoto sikuwahi kuona. Lakini nilichokiona mimi, Mungu anisamehe, ni lile shimo alilolichimba. Nikamnyang'anya yale majani, nikapiga magoti, nikayapachika tena na kuyashindilia kwa kiganja. Nilipoinua kichwa alikwisha kushika njia.

Nililia juu ya karai la mashuka. Kisha, kwa hasira tu, nikayamwaga maji ya kusuuzia juu ya kile kiraka. Kesho yake nikafanya hivyohivyo, nikihofu kwamba kikikauka mume wangu ataumia kwa ajili ya mama yangu. Kiraka kikashika mizizi, kikawa kibichi kuliko pale palipolowa kutwa. Nikamwonyesha mume wangu. Alinicheka kwanza, halafu akachuchumaa akakipapasa.

Tukaanza kujaribu kwa siri. Aliacha kuufyeka ukoka hadi kwenye ngozi ya ardhi. Aliuacha urefuke kidogo ili ujifunike wenyewe na jua, na vipande alivyokata akaviacha palepale. Maji ya mfereji akayaelekeza kwenye ukoka alfajiri, yazame sana mara moja, kisha siku kadhaa asiuguse. Sehemu zilizoonyesha kuchoka nilizinywesha maji ya mashuka na ya kuogea. Vyura wakahama. Mdachi akasimama barazani akausifu uwanja wake, na mfereji ukawa unateremka kwa mama karibu siku zote.

Nilipaswa kufurahi, lakini nilitamani ardhi inimeze. Ule ukoka haukuwahi kuhitaji maji yote yale. Tulikuwa tukiuzamisha kwa woga wetu, na maji yalipofika kule chini yalikuta migomba imeanguka na maharage yamekwisha kuwa makapi.

Nikaenda kuomba radhi. Kuomba radhi kwetu kunataka majani mabichi mkononi, na mteremko mzima ulikuwa kahawia. Yalikuwepo mahali pamoja tu. Nikang'oa pale pale kwenye kiraka changu; mume wangu aliniona, akageuka akatazama pengine.

Mama alikuwa ameketi mlangoni na mbuzi wake aliyebaki mifupa. Nikapiga magoti, nikamwinulia majani. Aliyatazama.

"Haya yamekunywa maji yangu," akasema.

Lakini aliyapokea, maana kwetu majani hayakataliwi, akampa mbuzi ayatafune.